Maswali na Majibu: Panga na Miti Iliyoangushwa na Upepo

Tangu kimbunga Hidaya kilipofika Mafia tarehe 4 Mei 2024, kila masika yakishika kasi maswali kuhusu miti iliyoanguka huja kwa wingi, na mengi huanza kwa kuuliza panga wakati jambo lenyewe ni mti. Nimechagua machache ya mwezi huu.

Mnazi umeangukia banda langu la kuku. Nimeupiga kwa panga asubuhi nzima na sijafika hata robo ya unene wake. Je, panga langu ni bovu? (Kilindoni, Mafia)

Panga lako halina kosa. Umelitwisha kazi isiyo yake. Shina la mnazi ni gumu upande wa nje na laini katikati, kinyume na miti mingi tuliyoizoea, na ile sehemu ngumu imejaa nyuzi ambazo ama hubana bapa la panga lisitoke, ama hulitelezesha likarudi kwenye goti la mwenye kulishika. Tumia panga kuondoa makuti na kusafisha kilele, kisha chukua shoka au msumeno wa watu wawili ukate shina vipande vinavyoweza kuviringishwa. Kabla ya hapo, egemeza banda kwa nguzo, kwa sababu uzito ukihama ghafla banda lililonusurika na upepo litaangushwa na wewe mwenyewe.

Kuna jambo ambalo hukuuliza, nalo ni kubwa kuliko banda. Usiliache gogo lioze pale lilipo. Chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa vilele vya minazi, hutaga mayai katika magogo na visiki vya minazi vinavyooza, na funza wake hukulia humo humo. Mkulima anayeacha minazi kadhaa ioze shambani baada ya tufani atapoteza mingine iliyobaki imesimama, kisha atalaumu mbegu. Pasua magogo, yaanike yakauke uyachome, au yapeleke kwa mpasua mbao mapema, kwani sehemu ya nje ya chini ya shina hutoa mbao nzito inayofaa kwa ujenzi. Visiki navyo ving'olewe.

Ni panga lipi bora la kununua? (Wasomaji wengi mno)

Lililonolewa. Anayetaka jina la kiwanda amwulize muuza duka, ambaye naye atamtajia lile lililojaa stoo yake.

Fundi wa mtaani amelinoa panga langu kwa mashine, likawa kali sana, lakini baada ya siku moja makali yamepinda na kumeguka. (Mtwara)

Mashine ya kunolea huzunguka kwa kasi, na fundi asiye na subira hukandamiza bapa mpaka chuma kinapata joto na kubadilika rangi kuwa ya buluu. Ukiona rangi hiyo, fahamu kwamba ugumu uliotiwa kiwandani umetoka mahali hapo, na makali yake hayatadumu tena mpaka sehemu hiyo iliwe yote kwa tupa. Inawezekana pia kwamba aliyatengeneza membamba kama ya kufyekea nyasi, nayo ukiyapiga kwenye mvinje mkavu lazima yapinde. Panga la kukatia matawi linataka makali yenye kitako kinene kidogo.

Nunua tupa, ambayo bei yake ni ndogo kuliko kumlipa fundi kila wiki. Libane panga kwenye gango, au kati ya vigingi viwili juu ya gogo, uvae glavu, usukume tupa mbele na kuiinua wakati wa kuirudisha, maana tupa hukata ikisukumwa na huharibika ikiburutwa nyuma. Noa pande zote mbili kwa mlalo ule ule. Katika kazi ya matawi, pitisha tupa kila unapopumzika. Panga butu ndilo linalokata watu: mwenye nalo hulazimika kutumia nguvu nyingi, na nguvu ikizidi shabaha hupungua. Nimeyaandika haya mara nyingi katika safu hii, na bado naletewa maswali ya mapanga yaliyonolewa juu ya ngazi ya saruji.

Mwembe mkubwa umeng'oka na mizizi yake imesimama hewani kama ukuta. Nianzie wapi kukata? (Lindi)

Anza kwa kuwaondoa watoto kwenye lile shimo. Uzito wa shina ndio unaoizuia ile mizizi hewani. Shina likikatwa karibu na kitako, kisiki chote kinaweza kurudi ghafla shimoni na kumfunika aliyemo. Usikate upande huo mpaka kisiki kiwe kimefungwa kwa kamba imara au kimeegemezwa kwa magogo, na iwapo hujawahi kuifanya kazi hiyo, mwachie mwenye msumeno wa mnyororo na uzoefu nao.

Kazi yako wewe ni matawi. Anzia upande wa kitako ukielekea kileleni, simama upande mmoja wa shina ukikata matawi ya upande wa pili, ili panga likipita lizuiwe na shina badala ya mguu wako. Piga kwa mshazari, kwani pigo la wima hugonga na kurudi. Tawi linalozidi unene wa kifundo cha mkono si la panga. Ni la msumeno. Matawi ya chini yanayolibeba shina yaache kabisa mpaka mwisho, la sivyo shina litakuviringikia.

Tawi lililopindwa na uzito wa mti lina nguvu iliyofungiwa ndani yake. Kabla ya kuligusa jiulize likikatika litaruka kwenda wapi, kisha usisimame huko. Litumie msumeno wa mkono: kata kidogo upande wa ndani wa pindo, ambako mti umebanana, halafu malizia upande wa nje polepole. Pigo moja la nguvu la panga upande wa nje huliachia lote kwa mara moja, nalo likikupata usoni huna nafasi ya kukwepa.

Tawi limelalia waya wa umeme, lakini umeme umekatika mtaa mzima. Naweza kulikata? (Kilwa)

Hapana. Umeme uliokatika hurudi bila kukupigia hodi, na jenereta ya jirani iliyounganishwa vibaya inaweza kuurudisha kwenye waya wakati wowote. Kaa mbali, zuia wapitao, wapigie TANESCO, na kama kuna moto au mtu amenaswa piga 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Nilikuwa nikiondoa ua wa mnyaa ulioanguka, utomvu ukaniruka jichoni. Nimeambiwa nitie maziwa. (Pangani)

Tia maji safi, mengi, kwa muda mrefu, kisha nenda hospitali bila kungoja jioni. Utomvu wa mnyaa unaweza kudhuru uwezo wa kuona. Safari ijayo vaa miwani ya kazi na uweke panga kando: vuta ua kwa kamba, kwani panga ndilo linalorusha utomvu.

Nimewaajiri vijana wanne wasafishe shamba, nikakubaliana nao malipo kwa kila mti. Je, kuna ubaya? (Tanga)

Upo. Anayelipwa kwa mti hukimbizana na mti, na watakuwa wanne wakirusha mapanga kwenye gogo moja. Walipe kwa siku, kila mmoja apewe mti wake, mbali kiasi kwamba panga likichomoka mkononi lisimfikie mwenzake. Wakague mipini asubuhi. Mpini unaocheza urudishwe nyumbani.

Kaka yangu amejikata mguuni akikata tawi. Tumeweka kahawa na damu imesimama. Inatosha? (Msomaji wa Mafia)

Haitoshi, na kahawa haikuwa na kazi hapo. Pamoja na majivu na mafuta ya taa, huingiza uchafu ndani na humwongezea mganga kazi ya kusafisha. Jeraha linalotoa damu hubanwa kwa kitambaa safi, kwa nguvu na bila kufunuliwa kila dakika, huku mguu ukiwa umeinuliwa. Panga lililogusa udongo linaweza kuleta pepopunda hata kama kidonda kinaonekana kidogo. Mpelekeni kituo cha afya leo, semeni wazi kwamba mliweka kahawa, na mkumbuke mara ya mwisho alipochanjwa, kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza mtakaloulizwa.