Niko fildi na nimepewa mfumo mbovu niutengeneze. Nihamie kozi ya wiki nne?

SWALI: Shikamoo kaka. Nasoma stashahada ya TEHAMA mwaka wa pili, na hii ni wiki ya tatu niko fildi kwenye kampuni ndogo ya kutengeneza tovuti hapa Dar es Salaam. Nilitegemea ningejenga mfumo wangu mwanzo mwisho. Badala yake nimepewa mfumo wa siku nyingi ulioandikwa kwa PHP, lugha ya kutengenezea tovuti, nitafute kwa nini namba za simu za wateja zinaharibika. Wenzangu wanasema natumikishwa tu, bora nilipie kozi ya mtandaoni ya wiki 4 yenye cheti na projekti 5. Unanishaurije?

JIBU: Marahaba. Baki hapo hapo.

Hili neno "natumikishwa" nalisikia kila msimu wa fildi, na linanichosha. Ukitumwa chai na kutoa kopi wiki nane nzima, hapo kweli umetumikishwa, kamwone msimamizi wako wa chuo. Lakini kukabidhiwa hitilafu ya mfumo ambao watu wanautegemea ndiyo kazi yenyewe.

Hebu fungua hifadhidata uangalie safu ya namba za simu. Nikibahatisha, imewekwa INT, yaani aina ya data ya namba nzima za kuhesabia. Yalinikuta mwaka wangu wa kwanza kazini: wateja chungu nzima, watu wasiojuana, wote wana namba 2147483647. Tukadhani tumeingiliwa na wadukuzi. Kumbe hiyo ndiyo namba kubwa kuliko zote ambayo INT ya kawaida ya MySQL, programu iliyokuwa inaendesha hifadhidata yetu, inaweza kubeba. Aliyejaza akianza na 0754 alipoteza sifuri ya mbele tu. Aliyeanza na 255 alizidisha kipimo, na ile MySQL yetu, iliyokuwa imelegezewa masharti, ikapunguza kimya kimya badala ya kukataa.

Namba ya simu haijumlishwi na chochote. Ni maandishi, weka VARCHAR, aina ya data ya maandishi. Huo ni mstari mmoja. Jasho liko kwenye yanayofuata. Waliopoteza sifuri utawarudishia, lakini waliogeuka 2147483647 namba zao hazipo tena, na lazima mtu akamwambie mwenye biashara. Fomu nayo ikubali 07, 06, 255, +255 na nafasi katikati, halafu ihifadhi kwa umbo moja. Yote hayo uyajaribu kwanza kwenye nakala, siyo kwenye seva ambayo wateja wako juu yake. Na kama wanatumia Git, programu inayotunza kumbukumbu ya kila badiliko la msimbo, soma historia uone ile INT iliingiaje, maana mara nyingi aliyeiweka alikuwa na haraka, siyo mjinga.

Projekti ya kozi haitakufikisha huko, kwa sababu data yake umeijaza mwenyewe asubuhi na kila jina linaanza na "test". Vijana wengi wanaamini kujifunza ni kujenga kitu kipya. Ukiajiriwa, utakachokuta mezani ni msimbo wa mtu aliyeshaacha kazi, na utausoma kwa siku kadhaa kabla hujaruhusiwa kuugusa.

Sina ugomvi na kozi za mtandaoni. Nami nimejifunzia huko mengi. Ugomvi wangu ni na hawa wauza vyeti wanaoahidi kukufanya developa ndani ya mwezi, na ndugu zao wanaouza projekti za mwaka wa mwisho zikiwa tayari. Nimekaa kwenye jopo la kutathmini projekti, kijana akafungua mfumo wake wa hospitali, mzuri kweli, na chini kabisa ya ukurasa limeandikwa jina la chuo kingine. Nikamwomba atuonyeshe nywila za watumiaji zinahifadhiwaje. Zilikuwa wazi, zinasomeka kama gazeti. Sasa mfumo wa namna hiyo ukifika kwenye zahanati, taarifa za wagonjwa ziko nje, na Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Muuzaji wa projekti hatakuwepo siku mwenye zahanati anapotakiwa kujieleza.

Kwa hiyo yeyote anayetaka hela yako akufundishe, mwombe kwanza akuonyeshe mfumo mmoja aliojenga ambao leo kuna watu wanautumia. Kisha muulize, mfumo huo ukizima saa nane usiku, nani anapigiwa simu.