Shangazi, Mama Mkwe Ananipora Mwanangu

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 29, tunaishi Tororo mjini, nafanya kazi Malaba, mpakani na Kenya, kwenye ofisi ya wakala wa forodha. Mwanangu wa kwanza ana miezi 5. Ilinibidi nirudi kazini akiwa na wiki 6. Nimepitia mayaya 3, wote hawakufaa: mmoja mchafu, mmoja simu haimtoki mkononi, wa tatu mlafi. Ndipo mume wangu, ambaye ni mwalimu, akamleta mama yake kutoka Butaleja bila kunishauri vizuri. Huu ni mwezi wa pili. Natoka saa 12 asubuhi, narudi saa 2 usiku kwa sababu ya foleni za malori. Naacha chupa 2 za maziwa yangu niliyokamua, lakini huyu mama anampa mtoto uji kwa siri. Alimpeleka chanjo bila kunipigia. Sasa nikimchukua mtoto analia, anamtaka bibi yake. Usiku baba yake ndiye humpa chupa kwa kuwa mimi nimechoka, na hata hilo ananuna. Ijumaa nikikaa kidogo kwenye muchomo (nyama choma) na wenzangu, maana ndipo wateja hupatikana, simu inaita kama mimi ni mtoto mdogo. Nitamwambiaje huyu mama arudi kwake bila kuvunja ndoa yangu? Mama Mchovu, Tororo.*

Marahaba, mwanangu. Pole. Kuamka gizani, ukakamua, ukakimbilia Malaba na kifua kimejaa maziwa, si mchezo. Pole hiyo ipokee uiweke vizuri, maana huko mbele sina nyingine.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilimwona mama mkwe mkorofi. Mara ya pili nikaanza kuhesabu. Ya tatu nikahamia upande wake, na huko ndiko niliko mpaka sasa.

Hebu tuhesabu pamoja. Saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku ni saa 14. Mtoto wa umri wa wako, mama akiwa hayupo, kwa makadirio ya kawaida huhitaji mililita 25 hadi 30 za maziwa kwa kila saa. Saa 14 ni mililita 350 mpaka 420. Wewe umeacha chupa 2. Ukubwa hukuutaja, ila chupa ndogo za watoto wachanga nyingi ni za mililita 120 au 150. Hata ukizijaza hadi shingoni, hazizidi 300. Kufika alasiri chupa zote ni tupu, na wewe bado una saa kadhaa kabla ya kuingia mlangoni. Mtoto analia. Bibi anatazama chupa, anatazama jiko. Ulitaka afanye nini, amwimbie?

Na hiyo ni ikiwa chupa zote mbili zilifaa kunywewa. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa hukaa salama mezani kama saa 4, tena mahali ambapo joto halizidi nyuzi 25. Tororo mchana, chini ya bati, nyuzi 25 utaziona wapi? Kwenye friji yanakaa hadi siku 4, lakini barua yako haina friji, wala kiboksi cha barafu, wala chochote cha ubaridi. Kwa hiyo chupa ya pili huenda ilishaharibika kabla ya saa sita, bibi akaimwaga, akanyamaza asikuudhi. Wewe ukaja kuona sufuria ya uji, ukasema “kwa siri”. Siri gani hiyo inayoacha sufuria jikoni?

Sasa nisimpake mavyaa wako mafuta. Kwenye uji amekosea. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi 6, hata maji asipewe, kisha vyakula vingine vianze huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 na zaidi. Tumbo la miezi 5 bado ni laini, na uji mwepesi uliojaa maji unamjaza bila kumlisha. Mwambie hivyo kwa adabu, ukiwa umekaa chini mkitazamana. Lakini ukimwambia “usimpe uji” bila kumwachia cha kumpa badala yake, umemwachia kilio.

Kuna jambo jingine umelipitisha haraka ukidhani sitaliona. Usiku baba yake ndiye humpa chupa. Chupa ya nini? Kama ni maziwa ya kopo, basi aliyeanza kumpa mtoto kitu kingine si bibi. Na kama ni yako uliyokamua, ndipo umejikata mguu mwenyewe, kwa sababu kunyonyesha usiku ndiko kunakoyaita maziwa ya mchana. Mwili wa mama hutengeneza kwa kadiri unavyonyonywa. Ukilala usiku kucha matiti yamejaa, mwili unaelewa kwamba mteja amepungua, unapunguza bidhaa. Wewe mtu wa forodha hili hupaswi kufundishwa.

Mlaze mtoto karibu yako. Akilia usiku, mnyonyeshe. Baba amwinue, ambadilishe nepi, akuletee maji ya kunywa. Hiyo kazi ya usiku anaiweza bila kukunyang'anya yako. Na usiniambie ananuna. Mwalimu anayeamka usiku kumpa mtoto chupa, asubuhi akasimama mbele ya darasa lenye watoto wengi kuliko madawati, halafu umenilalamikia kuhusu uso wake? Nina dada zangu hapa Mbale ambao wangekupa ng'ombe wabadilishane nawe.

Tuje kwenye foleni ya malori. Mwanangu, Malaba naijua. Malori hupanga mstari mpaka dereva anashuka, anapika chai pembeni, anainywa, anarudi na foleni haijasogea. Ni kweli kabisa. Lakini foleni ya malori humfunga lori, haimfungi bodaboda. Kutoka Malaba hadi Tororo mjini ni mwendo usiofika nusu saa kwa mtu anayetaka kufika. Umeiandika foleni kama sababu, halafu mistari michache mbele ukataja muchomo wa Ijumaa. Ninachotaka kujua ni kama Ijumaa hiyo huanza Jumatatu.

Sikukatazi kukaa na wenzako. Mwanamke anayefanya kazi mpakani anahitaji watu wake, na najua biashara nyingine hufungwa mezani kuliko ofisini. Chagua siku moja, itangaze nyumbani mapema, na siku hiyo acha maziwa ya kutosha. Siku nyingine zote saa 11 jioni uwe barabarani.

Umeandika pia “ilinibidi nirudi akiwa na wiki 6”. Ilikubidi na nani? Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mama siku 60 za kazi za likizo ya uzazi, kwa mshahara kamili. Hizo ni siku za kazi, Jumapili haihesabiwi ndani. Kwa anayefanya kazi siku 6 kwa wiki ni wiki 10, kwa wa siku 5 ni wiki 12. Kama bosi ndiye aliyekuita mapema, alikuwa anakudhulumu, na kila wilaya inapaswa kuwa na afisa wa kazi wa kupelekewa malalamiko ya namna hiyo. Lakini hukuandika kwamba bosi alikuita. Mtu aliyeonewa na bosi huandika ukurasa mzima. Ninahisi uliogopa mwenzako asiwachukue wateja wako, ukarudi kwa miguu yako. Hofu hiyo naielewa, wateja wa mpakani hawana subira. Ila gharama yake usimbebeshe bibi wa watu.

Na hao mayaya 3! Mchafu, wa simu, mlafi. Mchagua jembe si mkulima. Mtoto alikuwa na wiki 6 ulipoanza kuajiri, na mavyaa alifika akiwa na miezi 3. Kwa hiyo wasichana 3 wamepita ndani ya wiki 6 au 7. Huyo “mlafi”, aliachiwa nini cha kula kutoka saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku? Posho kavu, yaani ugali mtupu, na maharage ya jana? Msichana wa kazi aliyeshinda na njaa hawezi kumbembeleza mtoto mwenye njaa.

Nani basi aliyekuja kukuokoa? Mwanamke wa Butaleja. Kule kwao watu wanalima mpunga, na anayelima mpunga anajua kuna wiki ambazo huwezi kuondoka shambani: punje zinapojaa maziwa, ndege hushuka kwa makundi, na usipoamia tangu alfajiri hadi jua kuzama utavuna makapi. Umeandika aya nzima kumhusu mama huyu, na hakuna mahali umesema ameacha nini nyumbani kwake. Nani anamwamia ndege? Kuku wake wanalala kwa nani? Kule kwetu tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wako jembe alilipokea kabla hajafungua mfuko wake.

Chanjo uliyolalamikia, kama hesabu yangu ni sawa, ni ile ya wiki 14. Ina tarehe yake kwenye kadi, na kadi iko nyumbani kwako. Bibi, labda hata kusoma kwake ni kwa shida, alimbeba mjukuu mgongoni, akauliza njia, akapanga foleni ya kituo cha afya, akarudi na mtoto mwenye homa ya sindano, akamkesha. Wewe umekasirika kwa sababu simu haikuita. Nilipofika hapo niliweka barua chini, nikaenda kuchemsha chai.

Ndoa za siku hizi zinanishangaza kwa hili. Siku ya utambulisho bibi harusi hupiga magoti mpaka gomesi, lile gauni la sherehe, linachafuka, mama mkwe anaitwa “mama yangu wa pili” kwenye kipaza sauti, wapiga picha wamejaa. Miaka 2 baadaye mama huyohuyo akiingia sebuleni anaitwa mpelelezi. Wanaume nao, wanamleta mama kama mtu anavyoleta jiko la mkaa: liwekwe pembeni, lifanye kazi, lisiulizwe. Mume wako hapa simwachi. Alipaswa kukaa nawe, mkakubaliana mama atakaa muda gani, atapewa nini, na nani ana neno la mwisho juu ya chakula cha mtoto. “Bila kunishauri vizuri”, umesema. Hilo “vizuri” linaniambia alikushauri kidogo na wewe ulikuwa kwenye simu, lakini kosa la mwanzo ni lake. Wazee walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na kazi hiyo ninyi wawili mmeikabidhi kwa mtu wa tatu bila hata mkataba wa mdomo.

Mtoto kukulilia kusikutie wivu wa kijinga. Mtoto humfuata anayemnusa mchana kutwa. Hajaporwa. Ukifika jioni, osha mikono, vua nguo za safari, mchukue umnyonyeshe kabla hujagusa simu wala sufuria. Fanya hivyo siku 10 mfululizo bila kuruka. Asubuhi mnyonyeshe kitandani kabla ya kutoka. Kazini kamua mara 2, tuseme saa 4 na saa 8. Mkono safi unatosha kama huna pampu. Tia kwenye chombo chenye kifuniko kilichochemshwa, kiweke katika kiboksi chenye barafu, jioni kihamishie kwenye friji, hata ya jirani, na hayo ndiyo ya kesho. Ofisi haina chumba? Ya wakala wa forodha ina stoo ya mafaili, omba ufunguo. Nyumbani bibi ayapashe kwa kutumbukiza chombo kwenye maji ya vuguvugu, asiyachemshe, na ampe kwa kikombe kidogo. Kikombe huoshwa kwa urahisi kuliko chupa yenye chuchu na vijishimo vyake, na bibi za vijijini ni mabingwa wa kikombe.

Mwezi ujao akitimiza 6, huo ugomvi wa uji utakufa wenyewe. Hapo mpe mavyaa heshima yake: uji mzito wa ulezi, ule unaoshika kwenye kijiko, uliotiwa karanga za kusaga au mukene (dagaa) aliyetwangwa laini, siku nyingine yai au parachichi. Atakufundisha zaidi yangu.

Umeniuliza utamwambiaje arudi kwake. Hutamwambia. Mwulize mpunga wake umefikia wapi. Atakueleza, na ndani ya maelezo hayo utaisikia tarehe yenyewe. Tafuta yaya wa nne sasa hivi, wakati mama bado yupo, wakae pamoja wiki 2 amfundishe. Huyo mlishe. Siku ya kuondoka mavyaa, omba ruhusa kazini nusu siku, nenda naye hadi stendi ya taksi. Nauli, sukari, sabuni, na kitu kidogo cha kumlipa yule aliyemwangalizia shamba. Hiyo pesa usimtumie kwa simu. Mpe mkononi.