Vijana wa kwaya wanaopotea kii ikibadilika

Ndugu, umesema vijana wako wa timu ya sifa wakibadilishiwa kii tu, yaani ile noti ya msingi ya wimbo, wanapotea. Kwanza zima hiyo transpozi ya kinanda, kile kitufe kinachohamisha kii chenyewe, kwa kweli inalemaza vijana, wafundishe kodi kwa namba, ukihesabu noti za skeli kuanzia ile ya kii: 1-4-5 kwenye G ni G, C, D, ukihamia A inakuwa A, D, E, wimbo ni uleule. Chukueni pambio moja mlizungushe kii zote 12, taratibu, hata ikichukua mwezi. Halafu kwenye mazoezi wabadilishane vyombo, wa besi akae kwenye drams dakika 10 tu, akirudi kwenye besi yake utamsikia anavyoanza kuifuata ile ngoma ya mguu. Na kunyamaza nako wafundishwe, wakati wa maombi kinanda peke yake kinatosha.