Klorini haitibu tope

Swali: Mtambo wetu wa majitaka ni bioreakta ya tando za nyuzi: tangini bakteria walio kwenye tope hula uchafu, na pampu hufyonza maji kupitia nyuzi zenye vitundu vidogo mno. Presha ya kufyonza hupanda kutoka kilopaskali 10 hadi 40 kwa siku tano. Tukiosha kwa klorini ya miligramu 500 kwa lita inashuka, kisha inapanda tena, kila mara upesi zaidi. Muuzaji mmoja anatushauri tufike 5,000 na tuongeze “dawa ya kufungua tando”. Tufanye hivyo?

Jibu: Hapana. Na dawa yake abaki nayo.

Swali hili hunifikia mara kwa mara, na ni nadra kukosa muuzaji ndani yake. Utando unachukuliwa kama bomba la sinki: limeziba, mwaga kitu kikali. Lakini kinachoziba ni ute wa bakteria, protini na sukari zenye kunata, nao huutoa kwa wingi wakilemewa na chakula, wakikosa oksijeni, au tope likitolewa mapema mno kabla ya kukomaa. Klorini huondoa ute ulioganda jana. Wa leo unaendelea kutengenezwa tangini.

Tena mnaposukuma klorini kinyumenyume, sehemu yake huvujia kwenye tope. Kipimo cha kawaida tangi hukivumilia. Kwa 5,000 mtaua bakteria, seli zipasuke, na vilivyomo vimwagike majini viwe ute mpya wa kuziba tando zilezile mlizotoka kuosha. Isitoshe, utando una kiasi cha klorini unachoweza kustahimili maisha yake yote, ukali ukizidishwa kwa saa, na hesabu hiyo hairudi nyuma. Someni mwongozo wa mtengenezaji.

Pimeni tope kwanza. Mililita 50 kwenye karatasi ya kuchujia iliyokunjwa ndani ya faneli, kwa dakika 5 kamili. Zikipita mililita zaidi ya 10, tope linachujika vizuri. Zikipita chini ya 5, na matone yana ukungu, acheni tando, shughulikieni hewa, mzigo wa uchafu unaoingia na umri wa tope, yaani siku linazokaa tangini.

Kwenu, hiyo “kila mara upesi zaidi” inanitia shaka nyingine. Inueni fremu inayoshika tando mtazame shina la nyuzi. Mara nyingi nimekuta nywele na nyuzi za nguo zimejisokota kamba nene, tope limekauka katikati kama udongo. Eneo hilo limekufa, na pampu inadai maji yaleyale kwa nyuzi zilizobaki. Maana yake chujio la kuingilia, la milimita 1 hadi 2, lina tundu au linapitwa pembeni. Klorini ya kuoshea haiyeyushi kamba hiyo. Huondolewa kwa mikono na maji ya presha ndogo. Mashine ya kuoshea magari itawakatia nyuzi.

Kuhusu “dawa” zisizo na jina: asiyewapa karatasi ya viambato msimruhusu karibu na tangi. Nyingi husifiwa kwa kutoa povu, kana kwamba povu ni kipimo. Ikiwa ni asidi, na bombani kuna mabaki ya hipokloriti, yaani hiyo klorini ya kuoshea, gesi ya klorini hutoka papo hapo, na wa kwanza kuivuta ni fundi aliyeinama juu ya tangi. Hata asidi ya sitriki, ambayo ni halali kabisa kwa ukoko wa chokaa na chuma, huingia baada ya klorini yote kusuuzwa.