Mwanamume na Chanuo

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa miaka 24, mkazi wa Mwanza, na nina stashahada ya uhasibu ambayo huu ni mwaka wa pili haijanipatia kazi. Tangu nikiwa darasa la sita nimekuwa nikimsuka mama yangu mtindo wa twende kilioni kila Jumamosi jioni anaporudi kutoka soko la dagaa la Mwaloni, kwa sababu alituzaa wavulana watupu na hakuna binti wa kumsuka. Siku hizi majirani nao huniletea rasta zao, na mwenye saluni moja mjini amenipa kiti kwa makubaliano ya kugawana mapato nusu kwa nusu. Baba amesema hawezi kucheza bao na wenzake huku mwanawe akishinda na chanuo kwenye vichwa vya wake za watu. Kazi hii ninaipenda, lakini ninashindwa kujua kama ndiyo wito wangu au ni njaa tu ya mtu aliyekosa ajira. Nitajuaje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na la baba yako, kwa kuwa ndilo jepesi. Morani wa Kimasai wamesukana nywele ndefu na kuzipaka udongo mwekundu kwa vizazi vingi, na leo vijana wa kabila hilo hilo wanawasuka wanawake Kariakoo na kwingineko Dar es Salaam, wamevaa lubega zao, wala sijasikia mtu akiwauliza kama ni wanaume. Baba yako haogopi chanuo, anaogopa maneno ya wenzake wa bao, na maneno hayo hupungua sukari na unga vinapoanza kuingia nyumbani kutokana na kazi hiyo hiyo. Jambo moja tu amelisema kwa haki bila kukusudia, nalo ni kwamba wapo wanawake wanaojistiri ambao hawatafunua vichwa vyao mbele yako. Usibishane nao wala usione kuwa umedharauliwa. Hakikisha kwamba saluni ina msusi mwanamke na sehemu yenye pazia.

Sasa hilo la wito. Wengi watakwambia uangalie kama unaipenda kazi, au kama mikono yako ni myepesi. Mimi nimesimama nyuma ya kiti cha saluni miaka 26, na vichwa vilivyoharibika zaidi nilivyowahi kuviona viliharibiwa na wasusi wenye mikono myepesi walioipenda sana kazi yao, nikiwamo mimi.

Katika mwaka wangu wa tatu nilimsuka bibi harusi aliyetaka rasta nyembamba za kubana juu, na mimi nilitaka kazi yangu ionekane vizuri kwenye picha, kwa hiyo nikavuta. Kila alipokunja uso nilimwambia avumilie. Usiku ule alilala ameketi, baada ya kumeza vidonge vya maumivu, na kulipokucha kila msuko wa mbele ulikuwa na kipele cheupe kwenye shina lake. Alinilipa na kunishukuru. Miezi miwili baadaye alirudi nimfumue, na nywele za juu ya masikio zilitoka pamoja na rasta, zikaacha ngozi inayong'aa upana wa vidole viwili kila upande. Nywele inayovutwa hivyo mara moja au mbili huota tena ikipumzishwa, lakini ikivutwa mwaka hadi mwaka, mahali pa shina hujenga kovu, na penye kovu hapaoti kitu hata upake mafuta ya aina gani.

Kwa hiyo ninakushauri usijipime kwenye kusuka, bali ujipime kwenye kufumua, kazi ambayo haina sifa, ambayo hakuna anayeipiga picha, na ambayo mteja huona kama anakulipa kwa kumpotezea muda. Rasta zilizokaa wiki sita zikifumuliwa, hutoka bonge la nywele ambalo humfanya mwanamke apige kelele kwamba amekatika nywele zote. Msusi anayefanya kazi kwa mazoea humjibu kwa kicheko, au humuuzia mafuta. Wewe ungemweleza kwamba binadamu hupoteza kati ya nywele 50 na 100 kwa siku, kwamba zilizong'oka zenyewe ndani ya wiki hizo sita zilishikwa na msuko zisianguke, na kwamba nywele elfu mbili hadi nne kwenye chanuo siku ya kufumua ni hesabu tu, ambayo mhasibu hapaswi kubabaishwa nayo. Kisha ungemgeuza kuelekea mwanga ukamkague mahali penye hatari, yaani pembezoni mwa paji la uso, juu ya masikio na kisogoni. Ukiona duara lenye magamba na nywele zilizokatika karibu na ngozi, hayo huenda ni mapunye. Mwelekeze hospitali, na chanuo ulilomgusia lisiguse kichwa kingine kabla halijasafishwa na kutiwa dawa.

Hapo ndipo utakapojijua. Mteja amekuja na shilingi 40,000 mkononi, umemfumua, amejikuna hadi ngozi imechubuka, naye anataka umwekee dawa ya kunyoosha nywele leo hii kwa sababu kesho ana sherehe. Dawa nyingi za aina hiyo hutengenezwa kwa sodiamu hidroksaidi, kemikali kali inayounguza hata ngozi nzima, sembuse iliyochubuka. Je, unaweza kumwambia, "Dada, leo sikuwekei, rudi baada ya wiki mbili," siku ambayo mfuko wako mwenyewe hauna nauli, na mwenye saluni anakutazama kwa sababu nusu ya fedha hiyo ni yake? Ukiweza mara nyingi kuliko unavyoshindwa, basi kazi hii ni yako. Lizungumze jambo hili na mwenye saluni kabla hujakalia hicho kiti chake, na mwandikishiane pia nani ananunua rasta na mafuta na nani analipa umeme, maana "nusu kwa nusu" bila maelezo imevunja urafiki mwingi.

Njaa nayo usiionee haya. Sarah Breedlove, aliyezaliwa Louisiana nchini Marekani mwaka 1867 na baadaye kujulikana kama Madam C.J. Walker, alikuwa dobi ambaye nywele zake mwenyewe zilikuwa zikimtoka, na shida hizo mbili, ya fedha na ya kichwa, ndizo zilizomsukuma kwenye biashara ya bidhaa za nywele iliyomtajirisha.

Kipokee kiti hicho kwa miezi mitatu. Tafuta pia chuo cha ufundi cha VETA kilicho karibu nawe na uulizie mafunzo ya ususi, kwa sababu kemikali hazijifunzwi kwa kuangalia jirani. Mbali na daftari la mapato, ambalo sina haja ya kukufundisha, anzisha daftari la vichwa: jina la mteja, tarehe ya kusukwa, na hali ya nywele za pembezoni alipokuja na alipofumuliwa.

Ukurasa wa kwanza uwe wa mama yako. Miaka yote hiyo amebeba ndoo za dagaa kichwani, na mzigo husugua utosi. Jumamosi hii, ukishamfumua, mkalishe karibu na dirisha kabla jua halijazama, uangalie utosini na juu ya masikio. Kisha niandikie uniambie ulichokiona na ulichoamua kumsuka.