Niongeze maiki ngapi kwa kinanda cha Rouen?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi sauti hapa Moshi, huu mwaka wa saba narekodi kwaya. Rafiki yangu mpiga kinanda anayesoma Ufaransa amepewa nafasi ya kurekodi usiku, siku mbili mfululizo, katika kanisa la Saint-Ouen mjini Rouen, na anataka nimrekodie. Nina rikoda ya chaneli nane na maiki sita za kondensa, zote kadioidi (zinazosikia zaidi mbele kuliko nyuma). Niongeze ngapi, na nizitege wapi? Pia nasikia mwangwi wa mle ni mrefu mno. Nitaupunguzaje?

JIBU: Marahaba. Usiongeze hata moja. Azima omni mbili zinazofanana, yaani maiki zinazosikia pande zote sawa, na hizo sita ziache nyumbani.

Umezoea kwaya, ambako kila sauti inataka maiki yake. Kinanda cha mabomba hakirekodiwi hivyo. Hicho cha Saint-Ouen alikikamilisha fundi wa vinanda Aristide Cavaillé-Coll mwaka 1890: rejesta 64 (seti za bomba, kila moja na sauti yake), kibodi nne za mikono na moja ya miguu, ndani ya kasha la mbao la mwaka 1630. Kiko juu, mwisho wa kanisa upande wa magharibi, na dari iko mita 33 hivi kutoka sakafuni. Bomba kubwa kuliko yote ni la futi 32, na noti yake ya chini kabisa ni kama hezi 16. Hiyo huisikii kwa sikio, unaihisi kwenye benchi ulilokalia. Kadioidi ikikaa mbali na chanzo hupoteza besi. Omni huishika hadi chini.

Mwangwi usiupunguze. Cavaillé-Coll alipokuwa akizipa bomba zake sauti alikuwa anasikiliza jengo lile lile, kwa hiyo ukiuondoa unabaki na nusu ya kinanda. Kazi yako ni kupata umbali. Mwambie rafiki yako apige kipande chenye sauti nyingi za kati, nawe tembea polepole kutoka mlangoni kuelekea madhabahuni. Utafika mahali ambapo sauti hizo za kati bado zinatofautiana na jengo nalo limeanza kuimba. Rudi nyuma hatua tatu nne kuelekea kinandani, kwa sababu maiki husikia mwangwi mwingi kuliko sikio. Tega stendi hapo, juu kadiri itakavyofika, mita tano au zaidi, maiki ziachane sentimita 60 kwa kuanzia. Uzito wa mchanga chini ya stendi ni lazima.

Geini, yaani kiwango cha rikoda kukuza sauti, ipange kwa rejesta zote zikiwa wazi, akipiga akodi nzito kuliko zote alizonazo, kisha acha nafasi ya desibeli 12 chini ya kilele cha mita na usiiguse tena. Mimi niliwahi kupanga kwa mazoezi ya jioni, mpigaji akiwa hajafungua tarumbeta za miguuni, zile rejesta kali za kibodi ya miguu. Ukurasa wa mwisho ulipofika sauti ikapasuka, na muda wetu ndani ya kanisa ulikuwa umekwisha. Rekodi kwa biti 24; sauti laini za bomba zilizofungiwa kwenye kisanduku ndani ya kinanda zitakuwa chini sana kwenye mita, lakini zimo.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni joto. Hewa ikipata joto, bomba za filimbi (zinazolia kwa hewa tu) hupanda sauti, ila zile za mwanzi (zenye ulimi wa chuma unaotetemeka) karibu hazisogei, basi zinaachana. Kama kuna pesa ya ziada, usinunue kifaa, mlipe fundi wa kinanda aje alinganishe bomba za mwanzi kabla hamjaanza. Andika nyuzi joto kila baada ya saa moja, na usipange kuunganisha kipande cha usiku wa kwanza na cha usiku wa pili.

Akodi ya mwisho ikiachiwa, hakuna kuhema wala kushuka kwenye benchi mpaka wewe, mwenye hedifoni, uinue mkono. Soli ya kiatu ikigusa pedali wakati ule inasikika kama mlango. Kabla ya kufunga vifaa, rekodi pia dakika moja ya ukimya huku feni inayopeleka upepo kwenye bomba ikiendelea kufanya kazi. Utaihitaji kwenye kuhariri.

Kuhusu ruhusa: uliza ni nani aliyeitoa. Tangu sheria ya 1905 iliyotenganisha dini na dola, makanisa mengi ya zamani ya Ufaransa ni mali ya manispaa, na parokia inayatumia kwa ibada. Hapo unahitaji kibali cha paroko na cha mji. Saint-Ouen ni la mji wenyewe, limepakana na jengo la manispaa, hivyo karatasi ya padre peke yake haitoshi.

Viza ya Schengen iombwe mapema, mwisho siku 15 kabla ya safari. Betri za lithiamu zikae kwenye begi la mkononi. Umeme wa kule ni volti 230 kama wetu, ila plagi zao ni za pini mbili za mviringo, beba adapta. Treni ya Rouen unaipandia Saint-Lazare, Paris, kama saa moja na nusu. Ukishuka usiufuate mnara mrefu unaouona: hilo ni kanisa kuu, lile alilolichora Monet, na watu wengi hupeleka vifaa pale kwa makosa.

Chukua na koti zito hata kama ni mwezi wa sita. Baridi ya Moshi unaijua, lakini hujawahi kukaa saa sita za usiku ndani ya jiwe bila ruhusa ya kusogeza mguu.