Sensa ya joto kwa lori la zamani: maswali ya wasomaji

Wasomaji kadhaa wenye malori na pikapu za zamani wametuuliza juu ya sensa ya joto la maji ya injini: namna ya kuijua iliyokufa, namna ya kuipata nyingine na namna ya kuifunga. Tumejibu maswali yaliyogusa wengi. Nimeyajibu kwa kirefu pale ambapo kosa dogo dukani linaweza kumgharimu mtu silinda hedi nzima, kwa sababu hasara ya namna hiyo inawapata watu wengi bila sababu ya msingi.

Nina Fuso yenye injini ya 6D16. Mshale wa joto hauinuki hata nikitembea mchana kutwa. Fundi ameniambia ninunue sensa mpya. Je, nina hakika gani kwamba sensa ndiyo mbovu? (Morogoro)

Ndugu, usinunue chochote kabla ya kufanya kipimo kimoja kisichogharimu kitu. Sensa ya geji, yaani ile inayousukuma mshale wa joto kwenye dashibodi, katika malori mengi ya umri huo ina waya mmoja tu, na umeme unarudi kupitia chuma cha injini yenyewe. Zima injini, chomoa waya huo kwenye sensa, fungua swichi ya gari bila kuwasha injini, kisha gusisha ncha ya waya kwenye chuma safi cha injini kwa sekunde chache huku mwenzako akitazama dashibodi. Mshale ukipanda kuelekea upande wa moto, geji na waya ni vizima, na tatizo liko kwenye sensa au mahali inaposhika injini. Mshale usipotikisika, sensa mpya haitakusaidia, kwa kuwa waya umekatika njiani, fyuzi imeungua au geji yenyewe imekufa. Kipimo hiki ni cha sensa ya geji yenye waya mmoja. Kwenye sensa ya waya mbili inayokwenda kwenye kompyuta ya gari usikifanye.

Kuna jambo la pili ambalo mafundi wengi hulipita. Ikiwa mshale unainuka kidogo halafu unabaki chini ya nusu, ulizia kwanza kama themostati, yaani vali ya maji inayofunguka kwa joto, imo. Huku kwetu imekuwa desturi kuing'oa kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto, na desturi hiyo ina madhara makubwa. Themostati ya dizeli nyingi hufunguka kwenye sentigredi 76 hadi 82, na kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto la kazi upesi na kuliweka hapo. Ikiondolewa, injini inafanya kazi ikiwa baridi, inakula mafuta zaidi na silinda zinalika mapema. Katika baadhi ya injini, njia ya pembeni ya maji hubaki wazi moja kwa moja, maji hayapiti ya kutosha kwenye rejeta, na gari linachemsha kwenye mlima. Kwa hiyo huenda sensa yako inasema kweli, nawe unataka kuibadilisha kwa sababu ya ukweli wake.

Muuzaji wa Gerezani amenitolea sensa tatu, zote zinaingia kwenye tundu langu, na bei zake zinapishana sana. Nichukue ipi? (Dar es Salaam)

Kuingia kwenye tundu hakuthibitishi chochote zaidi ya ukubwa wa nyuzi za bolti. Muulize muuzaji kila moja inafanya kazi gani, maana injini moja inaweza kuwa na vifaa vitatu vya joto vinavyofanana sura. Cha kwanza ni sensa ya geji, ambayo ukinzani wake wa umeme hushuka kidogo kidogo kadiri maji yanavyopata moto. Cha pili ni swichi ya taa ya onyo au ya feni, ambayo haipimi chochote: inakata au inaunga umeme joto likifika kiwango kilichopangwa, basi. Cha tatu, kwenye gari lenye kompyuta, ni sensa ya waya mbili inayoipa kompyuta taarifa ya kupima mafuta ya kuingia kwenye silinda. Baadhi ya dizeli zina nyingine tena kwa ajili ya plagi za kupasha joto wakati wa kuwasha asubuhi.

Ukifunga swichi mahali pa sensa ya geji utagundua mara moja, kwa kuwa mshale utakaa chini kabisa na kuruka juu ghafla. Hatari kubwa zaidi ni sensa inayofanya kazi lakini haipatani na geji yako, na mfano wa tarakimu utaonyesha kwa nini. Sensa ya geji ya kampuni ya VDO ya kiwango cha sentigredi 120, aina ya kawaida katika magari ya Ulaya, huwa na takribani omu 290 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) maji yakiwa sentigredi 40, karibu omu 70 kwenye 80, na chini kidogo ya omu 40 kwenye 100. Sensa ya kompyuta ya magari mengi ya Kijapani huwa na omu 2,000 hadi 3,000 kwenye 20, na omu 200 hadi 400 kwenye 80. Hata maji yakifika 100, bado sensa hiyo huwa na omu mia na themanini hivi. Sasa iunganishe na geji iliyotengenezwa kwa ile ya kwanza: maji yanachemka, na mshale unaonyesha sentigredi hamsini na ushee. Dereva anaendelea kukanyaga mafuta akiamini kila kitu ni salama, huku gasketi inaungua.

Kwa sababu hiyo, ihesabu sensa na geji kuwa kitu kimoja chenye sehemu mbili, nawe nunua kwa namba ya kiwandani. Namba hiyo huchongwa kwenye pembe sita za sensa ya zamani, au hupatikana kwenye kitabu cha spea kwa kutumia namba ya chesisi. Wenye Toyota wana nafuu: namba za sensa ya geji huanza na 83420, na za sensa ya kompyuta huanza na 89422, kwa hiyo tarakimu tano za mwanzo tu zinatosha kukuambia kama umeshika kifaa cha kazi unayoitaka. Muuzaji akikosa namba na kukuhakikishia kwamba "hii inaingia gari zote", rudisha sensa kwenye meza yake.

Lori langu limebadilishwa injini miaka mingi iliyopita, na namba kwenye sensa imefutika kwa kutu. Nitaanzia wapi? (Mbeya)

Swali hili ni gumu kuliko yote, mzee wangu, na ndilo linalohitaji subira. Katika gari lililobadilishwa injini, nyuzi za sensa zinafuata injini iliyoingizwa, lakini omu zake zinafuata geji iliyobaki kwenye dashibodi. Ukienda dukani na namba ya chesisi peke yake utapewa sensa isiyoingia kwenye tundu. Ukienda na namba ya injini peke yake utapewa inayoingia vizuri na kudanganya geji.

Anza na geji. Nunua kwenye duka la vifaa vya redio vikinzani vitatu vya wati 5, vya karibu omu 300, 70 na 40. Chomoa waya wa sensa, unganisha kikinzani kimoja baada ya kingine kati ya waya huo na chuma cha injini, mpe mshale nusu dakika utulie, kisha andika unapokaa. Hapo utakuwa na picha ya sensa ambayo geji yako inaitaka. Kama omu 70 zinaupeleka mshale katikati, unatafuta sensa inayokuwa na omu 70 hivi kwenye joto la kawaida la kazi.

Kisha chukua sensa ya zamani kwa ajili ya nyuzi. Magari ya Kijapani hupenda nyuzi za mchongoko za inchi 1/8 zenye mizunguko 28 kwa inchi, na yale ya Kimarekani hutumia za inchi 1/8 zenye mizunguko 27. Zinakaribiana mno, kiasi kwamba moja huingia kwenye tundu la nyingine kwa mizunguko miwili mitatu kabla ya kukwama, na anayelazimisha kwa spana hupasua tundu. Magari ya Ulaya hutumia sana milimita 14 kwa hatua (umbali kati ya uzi na uzi) ya 1.5, au milimita 12 kwa hatua hiyo hiyo. Ukipata sensa yenye omu sahihi na nyuzi tofauti, fundi mchonga vyuma anaweza kukutengenezea kiunganishi cha shaba nyeupe, ili mradi ncha ya sensa ifike ndani ya maji na isibaki shingoni mwa kiunganishi.

Kabla ya kulipa, omba kuipima. Weka ncha ya sensa kwenye maji ya moto pamoja na kipimajoto, shika waya mmoja wa mita ya kupimia omu kwenye ncha ya juu na mwingine kwenye mwili wa sensa, usome omu kadiri maji yanavyopoa. Usitegemee kuchemka kwa maji kuwa ni sentigredi 100: kwenu Mbeya, kwa kimo cha mji, maji huchemka kwenye 94 hivi, na hapo ndipo wengi hukataa sensa nzima kwa kudhani imepotoka.

Je, sensa ya mtumba kutoka Sharjah inafaa? (Tanga)

Inafaa, dada yangu, ikiwa imepimwa kwenye maji kama nilivyoeleza hapo juu. Kwa gari ambalo kiwanda kimeacha kulitengenezea spea, sensa halisi iliyong'olewa kwenye injini ya aina ile ile naiamini kuliko mpya yenye boksi zuri lisilo na namba. Kataa iliyolegea kichwani, iliyopasuka plastiki au yenye ukoga wa kijani kwenye ncha ya waya.

Nimebadilisha sensa, nikaizungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba ili isivuje. Sasa mshale haupandi kabisa. (Nakuru)

Tepu ndiyo inayoshukiwa kwanza. Sensa ya waya mmoja inahitaji chuma chake kigusane na chuma cha injini, na tepu ikizidi huukatia umeme njia ya kurudi. Nyuzi za mchongoko hujiziba zenyewe zikikazwa kwa kiasi. Zile zilizonyooka huzibwa na washa ya shaba, ambayo ni vizuri iwe mpya. Ifungue sensa hiyo injini ikiwa baridi kabisa, kwa kuwa maji yaliyo chini ya mgandamizo huruka kama mvuke mfuniko unapofunguliwa na huunguza vibaya. Safisha tundu, kaza kwa mkono kisha kwa spana bila kulazimisha, jaza maji, na uiache injini iunguruke mpaka hewa itoke, maana sensa iliyokaa kwenye povu la hewa haisomi maji.

Nimekosa sensa kila mahali. Fundi anataka kuziba tundu kwa bolti, niendelee na safari za Iringa. (Chalinze)

Usikubali. Mlima Kitonga si mahali pa kupanda na mzigo huku hujui joto la injini yako. Nunua geji na sensa yake kama seti, ya volti 24 ikiwa lori lako ni la volti 24, uifunge kando ya dashibodi. Kwa kuwa vimetengenezwa pamoja, suala la omu linakwisha hapo hapo na linabaki la nyuzi tu. Ukitaka kisichotegemea umeme, ipo geji ya mrija, ambayo ncha yake huingia kwenye injini na mrija mwembamba wa shaba hupeleka mgandamizo hadi kwenye mshale. Mrija huo usikatwe wala kukunjwa kwa pembe kali, na urefu unaozidi uzungushwe duara pana mbali na manifoldi ya moshi.

Mwambie na dereva jambo hili: mshale ukipanda juu mlimani halafu ukashuka ghafla, asifurahi. Huenda bomba la maji limepasuka, sensa imebaki kwenye hewa na haina tena cha kupima. Asimame hapo hapo, azime injini, na asiguse mfuniko wa rejeta mpaka ipoe.